Malkia wa Afande na Vizibo Vyangu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, askari polisi aliingia kazini kwetu na viatu vyake vizito, na sisi watu wazima saba tukasahau kupumua. Ilikuwa Jumatano, mvua imekatika sasa hivi, sakafu imejaa nyayo. Askari mwenyewe mwanamke, mrefu, magwanda yamepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na kwapani ameshika faili nene. Sasa wewe ujue, katika mtaa ule wa wapiga chapa pale Kampala, askari akitokea mlangoni hata asiye na kosa anaanza kulitafuta. Mzee Lubega, tajiri wetu, alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Sauti yake naikumbuka, sauti ya mtu anayeongea na kiazi cha moto mdomoni:

"Kalibu, afande. Hapa sisi watu wazuli. Reseni iko ukutani, kodi tunaripa, choo iko safi."

Choo hakuna aliyekiulizia.

Askari akaweka faili mezani, akavua kofia, akasema polepole kwamba ameleta kitabu. Ameandika hadithi na anataka ichapwe.

"Hadisi ya kesi?" Mzee Lubega akauliza, bado hajakaa.

Hapana, akasema. Hadithi ya malkia anayekaa chini ya ziwa, ambaye huwaazima watu vivuli vyao.

Hapo watu wakaanza kuangaliana, na kicheko kikapita mezani kama moto wa nyasi. Aliyekianzisha ni mimi.

Nakusimulia haya wewe unayekaa na simu yako unaandika watu wenye mabawa na miji iliyo mawinguni. Kama mjukuu wangu Shamimu, ambaye sasa hivi ananiandikia. Mimi nasema, yeye anaandika, na akibadilisha neno langu nitajua tu, maana anajikuna pua. Huyu naye ana kitabu chake cha mazimwi, na juzi alinambia mimi bibi yake, "Jjajja, wewe vitabu utavijulia wapi, shule hujaingia hata kufagia?" Ni kweli. Lakini vitabu vilivyopita mikononi mwangu ni vingi kuliko alivyovishika mwalimu wake. Nimevipanga, nimevibeba, nimevikalia nikila chakula cha mchana. Kusoma tu ndiyo sikusoma.

Wakati ule nilikuwa na miaka hamsini na kitu. Shamimu anacheka, anasema huo si ujana. Ukifika sabini utaona kwamba wa hamsini ni kijana tu, tena kijana mpumbavu. Nimezaliwa Kisenyi, nyumba yetu ni ya Kiswahili tangu babu, wazee wetu walikuja na wafanyabiashara wa pwani wakasahau kurudi. Mume wangu alipokufa nilichoka kuuza sambusa, nikaenda kwa Mzee Lubega kuomba kazi. Akaniuliza, "Hajati, kusoma unajua?" Mimi huyo Hajati Makka sijafika hata kwa ndoto. Nikavaa miwani ya marehemu, nikachukua gazeti pale mezani, nikalitazama kwa hasira kama linanidai, nikasema, "Nasoma mpaka macho yanauma."

Basi nikapewa kazi, na uongo huo nikauvaa puani miaka sita.

Kazi yangu ilikuwa ya meza. Kitabu hakitoki mashinani kikiwa kitabu. Zinatoka karatasi kubwa, zinakunjwa, zinakuwa mafungu, na kila fungu lina rundo lake. Mnayapanga marundo mezani, la kwanza mpaka la mwisho, halafu mnazunguka meza, unachukua moja hapa, moja hapa, moja hapa. Ukifika mwisho una kitabu mkononi, unampa wa gundi. Tunazunguka hivyo kutwa nzima kama watu waliodondosha sindano. Namba ziko chini ya ukurasa, ndogo ndogo, kwa wanaozijua. Mimi kuhesabu najua, mtu wa sambusa hadhulumiwi. Lakini namba iliyoandikwa, hapana. Kwangu ukurasa mzima ulikuwa safari ya siafu.

Kwa hiyo nilitengeneza ujanja wangu. Nilikusanya vizibo vya soda. Rundo likitoka, fundi wa mashine ananiambia kwa mdomo, hili la kwanza, hili la pili, na mimi naweka juu yake kizibo chenye harage moja, chenye maharage mawili, mpaka mwisho. Rundo likihamishwa rafuni, popote penye nafasi, kizibo kinahama nalo. Watu wakiuliza, Mama Zuhura, maharage haya ya nini, nawaambia ni dawa ya panya wa karatasi. Wakaamini. Mtu mwenye miwani anaaminika sana.

Sasa turudi kwa afande. Jina lake Akello, mtoto wa kambini, baba yake askari wa huko kaskazini, na Kiswahili alikunywa na maziwa kambini humo. Ndiyo sababu aliandika kwa Kiswahili. Alikuwa na chumba Bukoto, nyuma ya maghorofa, na kitabu kile alikiandika miaka saba, kwenye madaftari, zamu ikitulia. Mkubwa wake kituoni, mtu wa huko kwao ambaye hajawahi kutamka "sh" tangu azaliwe, akimkuta anaandika alikuwa anamwambia, "Konsitebo, hii ni ripoti ya wizi ama ni masetani yako tena?" Na alipokipeleka kwenye ofisi ya vitabu mjini, bwana mmoja wa tai alikipima mkononi kama anayenunua samaki. Huyo anaongea kwa pua: "Dada, ni nzuri, nzuri sana. Lakini soko hakuna. Kiswahili, nani anasoma hapa? Na haya mazimwi, nani? Andika kitabu ya shule, ya kujibu mitihani." Akaenda ofisi ya pili. Huko hawakukipima hata uzito.

Ndipo akaja kwetu, achapishe mwenyewe, nakala mia tatu, mafungu kumi na mawili.

Wiki kitabu kinachapwa alikuwa anakuja kila mchana tukila. Anakaa juu ya boksi la karatasi, magwanda na yote, anatusomea. Siku ya kwanza tulimsikiliza kwa adabu ya kuogopa pingu. Siku ya pili, mwanangu, mkono wangu ulikuwa unapeleka tonge la matoke mdomoni ukasimama njiani. Ule mkono ulisimama mpaka mchuzi wa karanga ukanitiririkia kwenye kiwiko.

Malkia Lamaro alivishwa taji akiwa na miaka tisa, kwa sababu katika nchi ile hakubaki mtu mzima ambaye kivuli chake kilikuwa safi. Akakua, akatawala chini ya maji, akawa anaazima vivuli vya watu na kuwapa waliopoteza vyao. Na mwisho, karibu na mwisho kabisa, anakufa. Lakini kabla ya kufa anamrudishia kila mtu kivuli chake, mmoja mmoja, kwa jina, mpaka yeye mwenyewe anabaki hana. Analala juani, na chini yake hakuna kitu cheusi. Nililia ndani ya mtandio. Nikamwambia Akello, "Mwanangu, hii umeitoa wapi?" Akasema hajui, ilikuja siku moja akiwa analinda benki.

Basi ungefikiri mtu aliyelia vile angekuwa na heshima. Ngoja.

Kesho yake Akello hakuja, alikuwa na zamu. Wasichana wa gundi wakaanza kunichokoza. Wewe hunijui, lakini Kisenyi nzima inanijua kwa kuiga watu. Kwenye arusi nilikuwa naitwa baada ya pilau, namwiga shehe anavyosahau dua katikati, namwiga shangazi wa bibi arusi anavyohesabu nyama kwa macho. Watu wanacheka mpaka wanashika ukuta. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu, na humo mimi ndiye nilikuwa wa kwanza darasani. Sanyu, msichana wetu wa gundi, akasema, "Mama Zuhura, tuigie afande basi." Akatoa simu anipige picha za video.

Nikakunja karatasi mbovu nikafanya kofia. Nikapanda juu ya benchi. Nikamwiga.

Nilivyomwiga sitakuonyesha. Wengine wote nakuonyesha, huyu hapana, na kwa nini nitakwambia mwishoni. Wewe jua tu kwamba niliiga vizuri. Nilichukua ile sauti anayoitumia malkia anapogawa vivuli, ile ile iliyoniliza jana, nikaifanya ya kuchekesha. Fundi wa mashine alizima mashine aje aone. Mzee Lubega mwenyewe alitoa kichwa ofisini, tumbo linatikisika. Mimi nikanogewa. Nikapiga saluti ya mwisho kwa nguvu, kiwiko kikagonga rafu, na vizibo vyangu vikaja chini.

Vicheko vikaongezeka. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Nikashuka. Vizibo vingi vilianguka chini ya marundo yake, maharage yake pembeni, nikavirudisha. Viwili viliviringika mpaka mlangoni na maharage yakatawanyika. Nikajua ni cha pili na cha kumi na moja ndivyo vilivyokosekana. Marundo mawili yakabaki wazi mbele yangu, meupe, yamejaa siafu, yanafanana kama mapacha. Ningeweza kuuliza. Fundi alikuwa hapo, hatua mbili, bado anafuta machozi ya kicheko. Maneno matatu tu yangetosha: hili la ngapi? Lakini miwani ilikuwa puani, mwanangu, na wote walikuwa wananitazama kama bingwa. Nikabahatisha. Hapa mbili, hapa kumi na moja.

Tukaanza kuzunguka meza. Sanyu akashika kitabu cha kwanza atie gundi, akasema, "Mama, mbona hapa namba zinaruka?"

Nikamjibu bila kugeuka, "Wewe, hii ni hadithi ya mazimwi. Humo kila kitu kinaruka."

Watu wakacheka tena. Na Mzee Lubega naye akaharakisha: "Hajati, maliza, meza naitaka. Watu wa kampeni wanareta mabango." Mpaka saa kumi vitabu mia tatu vilikuwa vimekatwa, vimefungwa, jalada la bluu zuri la ziwa. Ndani, mbili ni kumi na moja na kumi na moja ni mbili.

Akello alikuja kuvichukua Jumamosi. Alishika kimoja, akakinusa. Alikinusa, hakukipekua, na nikashukuru Mungu bila kujua namshukuru kwa nini. Kisha akatoa kalamu, akaandika kwenye ukurasa mweupe wa mwanzo, akanipa mimi kwa mikono miwili. "Cha kwanza ni chako, mama." Nikaweka miwani sawa, nikatazama yale maandishi muda wa kutosha, nikatikisa kichwa kama niliyeguswa. Nikasema, "Asante, mwanangu, umeandika vizuri sana."

Baada ya wiki mbili alirudi, hana magwanda, kava la kitabu limekunjika. Alisimama mbele ya Mzee Lubega akasema, "Malkia wangu anakufa mwanzoni, halafu anatembea, anakula, anahukumu kesi. Mwishoni anavishwa taji akiwa mtoto."

Mzee Lubega akavuta kitabu, akakipindua pindua. Nilidhani atatugeukia sisi. Akasema, "Afande, si ndiyo hivyo uriandika? Wewe urituambia ni mambo ya ajabu ajabu."

"Sikuandika hivyo, mzee."

"Basi faili yako irikuja hivyo. Sisi tunachapa tu."

Akello akatugeukia. Alitutazama mmoja mmoja, akafika kwangu, akakaa kwangu kidogo, kwa matumaini, maana mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza mpaka mchuzi unanimwagikia. Mimi niliijua hadithi kwa mpangilio wake. Ningesema. Nikainama chini ya meza nikatafuta kitu ambacho hakikuanguka. Niliposimama, alikuwa ameondoka.

Sasa sikia mambo ya vitabu yalivyo. Vitabu vile alikuwa amevipeleka pia Kikuubo, kwa Mkongo mmoja anayeuza vitenge kwa jumla, avipange mbele ya duka. Na watu wakavinunua. Wakongo, madereva wa malori wa Kenya, wake wa askari. Siku moja nimeenda kule kununua leso, yule Mkongo akanishika mkono, hajui kazi yangu wala nini: "Mama, weye usome ile kitabu. Ule malkia anakufaka, halafu anatembeaka na watu yake hawajue kama amekufa. Halafu mwisho anarudiaka mtoto. Miye nililia, mama. Ule mwandishi ana akili mingi."

Unaona? Watu walisifu. Walisifu kosa langu. Mwingine angefurahi, na nitakwambia ukweli, mimi nilifurahi. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilijiambia, Zuhura, mama yako hakukosea kitu, kamsaidia mtoto wa watu. Mtoto wangu Zuhura hakuwa hata hapo, yupo kwa mumewe Jinja, lakini nilihitaji mtu wa kumwambia uongo.

Siku chache baadaye, alasiri, nimekaa uani kwetu Kisenyi nyuma ya gereji, nachambua maharage kwenye ungo, kivuli kikaingia mbele yangu. Nikainua macho. Akello. Moyo wangu ukaenda moja kwa moja kwenye pingu. Lakini alivua viatu, akakaa kwenye mkeka, akaanza kunisaidia kuchambua. Tukachambua. Nikamtengea chai, hakuigusa.

Kisha akatoa simu, akaiweka kwenye ungo, juu ya maharage.

Ilikuwa video ya Sanyu. Sanyu kamtumia binamu yake, binamu kawatumia wenzake, wenzake kambini. Kambi nzima, mwanangu, ilikuwa imeitazama. Asubuhi kwenye gwaride mtu alimsomea Akello malkia wake kwa sauti ile niliyoitengeneza mimi. Nikajitazama kwenye simu ile. Kofia ya karatasi, matiti yanaruka, mdomo umepinda. Sijawahi kujiona naiga mtu. Nilikuwa nawaona wanaocheka tu.

Nikafungua mdomo niombe radhi kwa kumcheka. Akainua kidole, si kwa ukali, kama anayesema ngoja kidogo. Akapeleka video mwisho, akaisimamisha. Nyuma yangu, rafu inatikisika. Vizibo hewani, maharage yametawanyika.

"Mama," akasema, "haya maharage ni ya nini?"

Nikasema dawa ya panya.

Hakunibishia. Alichukua harage moja kwenye ungo akaliweka pembeni. Akachukua mawili. Matatu. Manne. Akaenda hivyo mpaka kumi na mbili, mistari imenyooka kama askari. Halafu akauliza, "Nilichokuandikia kwenye kitabu ulikisoma?"

"Nilikisoma, mwanangu, nikafurahi."

"Niliandika nini?"

Nikatoa jiwe kwenye ungo, nikalitupa. Nikasema, "Uliandika asante."

Akaniomba kitabu. Nilikuwa nimekiweka ndani, juu ya kabati, nimekifunika na kitambaa cha kufumwa. Nikakileta. Akafungua ule ukurasa wa mwanzo, akanisomea mwenyewe, taratibu, kidole kikifuata neno kwa neno kama anayemsomea mtoto: Kwa mama Zuhura, mtu wa kwanza aliyenisikiliza bila kunicheka.

Mwanangu, nimezika mume, nimezika watoto wawili. Sikuwahi kutaka ardhi inimeze kama alasiri ile. Nikavua miwani. Nikaiweka kwenye ungo karibu na simu. Nikasema, "Sijui kusoma. Hata namba sijui. Niliyeviangusha ni mimi, na niliyebahatisha ni mimi. Na mzee alipokusingizia mimi nilijua, nikainama. Nisamehe."

Alikunja mikono. Hakulia, nilikuwa nataka alie ili na mimi nipate la kufanya. Akasema, "Wanaonisifu wananisifia pale palipoharibika, mama. Kila anayekuja ananiambia, ule ufufuko uliutoa wapi. Nilichokitengeneza mimi miaka saba hakuna aliyekiona." Kisha akasema lile ambalo nalala nalo mpaka leo: "Nimeanza kitabu cha pili. Lakini nikishika kalamu, sauti ninayoisikia ikisoma si yangu tena. Ni yako ile ya kwenye benchi."

Akavaa viatu akaondoka. Chai ilikuwa imetengeneza utando.

Kesho yake niliingia kazini bila miwani. Nikasimama mbele ya wote, Sanyu, fundi, Mzee Lubega, nikasema mambo yote mawili, la vizibo na la kusoma. Nilingoja wacheke, ningefurahi wangecheka. Hawakucheka. Mzee Lubega akasema, "Hajati, miaka sita unavaa miwani ya marehemu?" Akainamisha kichwa. Aliona haya na yeye, maana alimtupia afande kosa mbele yetu. Hakunifukuza. Akanipa kopo la gundi na kisu cha karatasi, akasema, "Nenda umutengenezee."

Nikaenda Bukoto. Nakala zilizokuwa hazijauzwa zilikuwa mia na kumi na kitu, zimejaa chini ya kitanda chake. Siku tisa nilikaa sakafuni nabandua majalada, natoa fungu, nabadilisha fungu, nagandisha. Akello akiwa hana zamu anakaa mbele yangu. Hakunisamehe kwa mdomo na mimi sikumwomba tena, maana kuomba mara ya pili ni kutafuta raha yangu. Ila siku ya pili alichukua maharage, akaweka moja, na pembeni yake akaandika alama ya moja. Akaweka mawili. Hivyo ndivyo nilivyojifunza namba, katika umri ule, kutoka kwa mtu niliyemharibia. Nilikuwa nikikosea ananyamaza mpaka nione mwenyewe. Hakunicheka hata mara moja. Ningependa anicheke.

Nilipomaliza nilimuuliza, "Zile zilizouzwa tufanyeje?" Akasema ziache, zile zimeshakuwa na malkia wao.

Kisha akahamishwa, askari huhamishwa, kituo cha mbali kaskazini. Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Niliuliza kila afande aliyepita mtaani kwetu, wakadhani nina kesi.

Mwaka wa tatu, kondakta wa basi la kaskazini alinitafuta Kisenyi nzima na kifurushi. Nikakifungua uani, palepale kwenye mkeka. Kitabu. Jalada la kijani, jina lake juu yake, kimechapwa huko huko kwao. Ameandika, mwanangu. Akello aliandika tena. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu mpaka majirani wa gereji wakazima nyundo.

Kisha nikafungua ukurasa mweupe wa mwanzo, ule wanaoandika wenye vitabu. Nikautazama. Nikaugeuza kwenye mwanga. Ulikuwa mweupe. Hakuandika kitu.

Nikakaa. Nikaanza namba, kidole chini ya ukurasa, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho, mia mbili arobaini na nane. Hakuna hata moja iliyoruka. Huyo ndiye Akello. Alinitumia nikihakikishe, na hakunidanganya kwamba mambo yamekuwa kama zamani.

Shamimu ndiye aliyenisomea ndani yake. Ni kizuri. Wanaokijua ni wachache, bwana wa tai bado anasema soko hakuna.

Sasa sikia ninachokwambia, wewe mwenye watu wa mabawa. Andika, hata wakikupima kama samaki. Wakikusifia palipoharibika, usijichukie na usijidanganye, rudi mezani. Kabla kitabu hakijatiwa gundi, nenda wewe mwenyewe ukahesabu kurasa, usimwachie mtu mwenye miwani. Na kama wewe ndiye wa mezani, hujui, sema hujui, hata kama wote wanakutazama. Aibu ya kuuliza ingeniisha kabla ya chai ya saa kumi. Hii nyingine ninayo bado. Na mtu akikusomea kitu alichokitunga, kimya kimya, kwa sauti anayoiogopa mwenyewe, usiichukue ile sauti ukaichezea.

Ndiyo sababu, umeona, leo nimewaiga wote. Lubega nimemwiga, bwana wa tai, mkubwa wa kituo, Mkongo wa vitenge. Maneno ya Akello yote nimeyasema kwa sauti yangu hii mbovu. Ile sauti yake ninayo, iko hapa kooni, bado naijua vizuri. Nitakwenda nayo kaburini sijaitoa tena.

Mungu akufungulie, mwanangu. Akupe msikilizaji ambaye tonge litasimama mkononi mwake na akiondoka kwako abaki vile vile. Akupe mikono mizuri mezani kwa wapiga chapa. Kurasa zako zifuatane, na malkia wako afe siku ile uliyompangia wewe. Amina. Shamimu, acha kujikuna pua.